Hewa inayookoa vyombo njiani kutoka Kariakoo hadi Katoro

Katika stendi za mabasi za Shinyanga, Kahama na Geita kuna jambo ambalo wengi wanaopokea mzigo hulifanya kabla ya kukata kamba. Huliinua boksi, hulisogeza karibu na sikio na kulitikisa taratibu. Likikaa kimya, humshukuru Mungu na kuita bodaboda. Likilia kama njuga, uso hubadilika, na mara nyingi simu ya kwanza haiendi kwa wakala wa basi bali kwa ndugu aliyetuma: "Hivi huu mzigo uliufungaje?"

Ndani ya maboksi hayo huwa kuna TV iliyonunuliwa Kariakoo kwa fedha za mpunga, seti ya sahani za bi harusi wa Ushirombo, kioo cha simu kinachosubiriwa na fundi wa Kakola, au glasi za mama mwenye meza ya vyombo sokoni Katoro. Ukanda wa dhahabu una fedha inayozunguka na watu wenye hamu ya kununua, lakini bidhaa nyingi za kuvunjika zinatoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,000. Zinapita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, kisha zinagawanyika pale Tinde: nyingine kwenda Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama. Kila mahali pana matuta, pana kupakua na kupakia.

Miaka ya karibuni maboksi haya yameanza kufika yakiwa na kitu ambacho zamani hakikuwamo: mito midogo ya nailoni iliyojaa hewa, karatasi za nailoni zenye viputo, au mfuko wenye mirija iliyosimama kama fimbo za hewa kuizunguka chupa. Watoto hugombania kuvipasua. Wakubwa huvitupa jalalani siku hiyo hiyo. Wachache hujiuliza kwa nini muuzaji wa simu alipoteza muda kufungasha hewa, na wachache zaidi hukumbuka kufanya hivyo wanapotuma mzigo wao wenyewe.

Hesabu ya glasi dazeni kumi

Tuchukue mfano wa mama muuza vyombo. Amekopa kwenye kikoba, akaagiza glasi dazeni kumi. Tuseme kila dazeni ameinunua kwa Sh18,000 na anategemea kuiuza Sh24,000. Nauli ya mzigo ni Sh15,000. Glasi zote zikifika nzima, anabaki na faida ya Sh45,000.

Zikivunjika dazeni mbili tu, hali inageuka. Ameshatumia Sh195,000, lakini dazeni nane zilizobaki zitamletea Sh192,000. Amefanya kazi wiki nzima, amelipa ushuru wa meza, amesimama juani, na mwisho ana hasara ya Sh3,000. Marejesho ya kikoba hayajui habari za glasi zilizovunjika.

Sasa tuseme angelipa Sh10,000 zaidi ili glasi zifungwe kwa viputo vya hewa na maboksi mapya. Faida ingeshuka hadi Sh35,000. Inauma, lakini ni faida. Wafanyabiashara wengi wadogo hukataa gharama hiyo kwa sababu inaonekana mbele ya macho, wakati hasara ya kuvunjika hudhaniwa kuwa ni bahati mbaya. Si bahati mbaya. Boksi linalotoka Dar es Salaam litaangushwa, na la kujiuliza ni mara ngapi na kutoka kimo gani.

Kinachovunja chombo

Duniani kuna shirika linaloitwa ISTA linaloweka vipimo vya kujaribu vifungashio kabla havijasafiri. Katika jaribio lake la msingi, boksi lenye uzito usiofika kilo 10 hivi huangushwa mara 10 kutoka kimo cha sentimita 76: mara moja kwa kona, mara tatu kwa kingo na mara sita kwa pande zake zote. Boksi la kilo 30 hivi huangushwa kutoka sentimita 30 hivi tu.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini boksi jepesi ndilo linateswa zaidi. Jibu analo kuli yeyote wa stendi. Boksi zito hushushwa na watu wawili kwa tahadhari, maana likiwaponyoka litawavunja miguu. Boksi jepesi hurushwa kwa mkono mmoja, hudakwa au halidakwi. Kwa hiyo anayesema "kiboksi chenyewe kidogo, hakina haja ya kufungwa sana" ameipindua hesabu.

Kinachovunja glasi si kuanguka kwenyewe, ni kusimama ghafla. Hesabu yake ni rahisi: gawanya kimo cha kuanguka kwa umbali ambao kitu kinautumia kusimama. Glasi iliyoanguka sentimita 76 ndani ya boksi tupu, ikasimama ndani ya milimita moja ya karatasi, hukandamizwa kwa nguvu ya wastani wa mara 760 ya uzito wake. Kwa glasi ya gramu 200 hiyo ni sawa na kilo 150, kama watu wazima wawili wameikalia. Glasi hiyo hiyo ikitua juu ya hewa inayobonyea sentimita nne kabla ya kuisimamisha, nguvu inashuka hadi mara 19 ya uzito wake. Hiyo haifiki hata kilo nne, na glasi nyingi zitavumilia.

Kazi yote ya mto wa hewa ni hiyo. Haizuii boksi kuanguka. Inampa mzigo nafasi ya kusimama polepole.

Wazo lilianza na karatasi ya ukutani

Nailoni yenye viputo ilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1957, katika mji wa Hawthorne, jimbo la New Jersey nchini Marekani, wahandisi Alfred Fielding na Marc Chavannes waliunganisha mapazia mawili ya plastiki ya bafuni, na hewa ikanaswa katikati. Walitaka kutengeneza urembo wa kubandika ukutani. Wateja hawakuupenda. Wakajaribu kuuza kama kitu cha kuhifadhi joto kwenye nyumba za kuoteshea mimea, nako hakukuwa na maajabu. Mwaka 1960 walianzisha kampuni ya Sealed Air, na soko lao la kweli likapatikana pale kampuni ya IBM ilipohitaji njia ya kusafirisha kompyuta zake za 1401 bila vipuri vya ndani kuharibika.

Tatizo la viputo hivyo ni kwamba vinachukua nafasi kubwa hata kabla ya kutumika. Anayesafirisha roli la viputo kutoka Dar es Salaam hadi Geita analipia nauli ya hewa. Ndiyo maana siku hizi zipo nailoni zinazosafirishwa zikiwa bapa kama karatasi na kujazwa hewa mahali zinapotumika. Mwaka 2015 hata kampuni hiyo ya Sealed Air ilitangaza aina ya viputo vinavyojazwa na mteja mwenyewe. Watu wengi walilalamika, kwa sababu viputo hivyo vimeunganishwa kwa mistari: ukikibonyeza kimoja, hewa inakimbilia kwa jirani yake na ile sauti ya "pah" haipatikani.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa kanda hii, aina inayofaa kuangaliwa ni ile ya mirija. Ni mfuko uliogawanywa katika mirija mingi ya nailoni, kila mmoja ukiwa na mdomo mdogo unaoruhusu hewa kuingia lakini si kutoka. Unajazwa kwa pampu ya mkono. Mmoja ukitobolewa na msumari, mingine inabaki na hewa yake. Nailoni yake huwa ya tabaka kadhaa, na hushika hewa kwa muda mrefu kuliko ile mito ya plastiki nyepesi ambayo baada ya wiki kadhaa hulegea yenyewe.

Mlima hauonekani, lakini hewa inaujua

Lipo jambo ambalo wafungaji wengi wa Kariakoo hawalifikirii, kwa sababu wao wako usawa wa bahari. Basi linapoondoka Dar es Salaam linapanda. Halipandi kwa kishindo kama mtu anavyopanda Lushoto, bali kidogo kidogo hadi abiria asahau. Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100.

Huku juu mgandamizo wa hewa ya nje ni mdogo, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani ya nailoni hutanuka. Aliyewahi kusafiri na pakiti ya krispi kutoka Dar ameliona: pakiti inafika Singida imevimba kama puto. Hewa iliyofungwa pwani hutaka nafasi kubwa zaidi kwa karibu moja ya tano ikifika Singida, na karibu moja ya saba ikiwa Shinyanga. Likiongezeka joto la buti lililo karibu na injini, inataka nafasi zaidi ya hapo.

Mto uliojazwa Dar mpaka ukakaza kama mpira wa miguu utaanza safari vizuri na kupasuka kwenye mshono wake katikati ya njia, usiku, bila mtu kusikia. Au hautapasuka, bali utalisukuma boksi kwa ndani hadi soltepu iachie. Kwa mzigo unaopanda huku, mto uachwe laini kidogo, ubonyee kwa kidole gumba.

Mzigo unaoshuka ni kinyume chake. Anayetuma Dar chupa za asali, samli au mayai ya kienyeji kutoka Shinyanga akijaza hewa ya wastani, mito yake itafika Morogoro imenywea, na chupa zitakuwa zimeanza kugongana. Huyo ajaze akaze.

Pamba, maganda ya mpunga na gazeti la jana

Si kila familia itapata nailoni za hewa, na si lazima. Wasukuma walisafirisha vyungu na vibuyu kabla plastiki haijazaliwa. Chungu kilikaa juu ya ngata ya majani, na ngata ile ilikuwa inafanya kazi ya mto wa hewa: nyasi zilizosokotwa zina nafasi katikati yake, na nafasi hizo zina hewa.

Shinyanga ni mkoa wa pamba, na pamba ni hewa iliyoshikwa na nyuzi. Ni mkoa wa mpunga pia, na nyuma ya mashine za kukoboa hurundikana maganda ambayo mara nyingi huishia kuchomwa. Ndoo ya maganda makavu ya mpunga husafirisha mayai vizuri, yai likisimamishwa ncha yake nyembamba ikiangalia chini na lisigusane na mwenzake. (Yai lenyewe lina kijisehemu cha hewa upande wake ule mnene. Maumbile yalitangulia.) Upande wa Geita, ambako migomba ipo, majani makavu ya migomba hufanya kazi hiyo hiyo.

Hata gazeti lililokwisha kusomwa lina kazi, bila kujipendelea. Lakini lifinyangwe. Wengi huizungushia glasi karatasi moja iliyonyooka wakadhani wameilinda, kumbe wameivisha shati. Karatasi inayolinda ni ile iliyokunjwakunjwa ikabaki na mashimo ndani yake.

Upungufu wa vitu hivi ni kwamba hushikamana. Maganda hutetemeka njia nzima, yakashuka chini, na juu kukabaki patupu. Pamba ikilowa inakuwa kitambaa kizito. Nailoni ya hewa hailowi wala haishikamani, na hapo ndipo inapovishinda vyote, hasa wakati wa mvua. Tena haina uzito, na mizigo mingi hutozwa kwa kuangalia ukubwa na uzito.

Kufunga hasa

Mito mikubwa ya hewa, ile inayofanana na mto wa kulalia, ni ya kujazia nafasi tu. Haifai kubeba kitu kizito. Ukiweka blenda katikati ya mito kumi iliyolegea, baada ya saa kadhaa za mtikisiko blenda itakuwa imejipenyeza hadi chini, na mito yote iko juu inaangalia. Kitu kizito kinataka viputo au mirija iliyokibana pande zote sita, kisha mito ijaze pembeni.

Kila glasi ivalishwe yake, viputo vikiangalia ndani. Sahani zisimamishwe kwa ukingo kama vitabu kabatini, zisilazwe. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote kila basi linaporuka tuta. TV isimame wima kama inavyosimama sebuleni. Ikilazwa, kioo chake kipana hunesa katikati, na mtu mwingine ataweka gunia la mchele juu yake akidhani ni meza.

Boksi lake la asili, lile lenye povu jeupe gumu lililokatwa kwa umbo la TV, halina mpinzani. Familia nyingi hulichana wiki ya kwanza, kisha baba anapohamishiwa kituo kingine cha kazi wanaanza kuhangaika na mablanketi. Mahali pakiwepo, liwekwe darini.

Boksi la katoni lililokwisha safari mbili tatu halina nguvu tena. Yale mawimbi yaliyo katikati ya karatasi zake, ambayo nayo ni hewa, yamelala. Likitumika, hewa iliyo ndani haina wa kuishikilia.

Baada ya kufunga, boksi litikiswe hapo hapo nyumbani. Kama kuna kinachocheza, halijafungwa. Kipimo hiki kingefanywa na mtumaji, mpokeaji asingehitaji kukifanya stendi.

Na lifungwe kamba yenye mshikio. Maandishi ya "KIOO" na mishale ya kuonyesha juu ni vema yawepo, lakini kuli anayepakua basi alfajiri hana muda wa kusoma. Boksi lenye mahali pa kushika hubebwa. Lisilo na mahali pa kushika hukumbatiwa, na mikono ikichoka huachiwa.

Kilomita za mwisho

Safari ya basi si mwisho wa mateso. Mzigo wa Geita unaopitia Mwanza umepata nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa foleni ya kivuko imeondoka. Lakini kutoka stendi hadi nyumbani bado kuna bodaboda, na kwa wanaoishi kwenye machimbo kuna njia za vumbi zenye mashimo ambazo huisumbua hata pikipiki tupu. Boksi lililofungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki, upande mmoja ukining'inia, hupata kwa kilomita kumi misukosuko ambayo haikuipata Dodoma.

Kwa hiyo hewa isitolewe stendi. Kuna watu hufungua boksi wakihakikishe kilichomo, jambo ambalo ni sahihi kabisa, halafu wanaacha nailoni zote pale pale na kupakia vyombo vikiwa vitupu. Yaliyovumilia kilomita 1,000 huvunjikia mlangoni.

Nani alipe?

Hapa ndipo ndugu hugombana. Binti aliyeko Dar anampigia mama yake: "Mayu, mzigo nimeupakia, namba ya basi nimekutumia." Mama anapokea vipande. Binti anasema alifunga vizuri, wakala anasema ulifika hivyo hivyo, konda ameshageuza gari. Wapo mashemeji ambao hawajasalimiana tangu TV ilipofika na mstari katikati ya kioo.

Kwa wanaonunua dukani kwa simu, kuna jambo la kisheria la kulijua. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, pale muuzaji anapotakiwa kutuma bidhaa, kumkabidhi msafirishaji kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni sawa na kumkabidhi mnunuzi, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maana yake, muuzaji wa Kariakoo akishapakia, anaweza kusema mzigo ni wako na hatari ni yako. Sheria hiyo hiyo inamtaka aingie makubaliano ya maana na msafirishaji kulingana na aina ya bidhaa. Aliyeirusha TV kwenye buti bila kusema kuwa ni TV hajatimiza wajibu wake.

Kwa hiyo makubaliano yafanyike kabla ya fedha kutumwa, kwa ujumbe wa maandishi unaobaki kwenye simu: mzigo utafungwaje, nani atabeba hasara ukivunjika njiani. Mtumaji apige picha ya vyombo vikiwa vizima na picha ya boksi lililofungwa. Mpokeaji asome kilichoandikwa kwenye risiti ya mzigo, afungue mbele ya wakala kabla ya kusaini, na naye apige picha. Picha tatu zimeokoa undugu mwingi kuliko vikao.

Vifungashio vya mgodini si vya jikoni

Kwenye maeneo ya uchenjuaji wa dhahabu huzagaa mifuko, madumu na maboksi yanayoonekana imara na safi. Baadhi yalibeba sayanaidi au kemikali nyingine za uchenjuaji, na chupa ndogo huenda ziliwahi kuwa na zebaki. Kufunga sahani za kulia chakula kwa nailoni iliyotoka huko, au kubebea mayai kwenye dumu lake, ni kuingiza sumu nyumbani kwa mkono wako. Kuosha kwa sabuni hakutoshi. Kifungashio ambacho hujui kilibeba nini, kiache kilipo na watoto wasikiguse.

Nailoni ikishafanya kazi yake

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani havikuwamo, ndiyo maana viputo vya hewa bado vinaingia. Lakini ng'ombe hasomi kanuni. Katika mkoa wenye mifugo kama Shinyanga, nailoni iliyotupwa nyuma ya nyumba wakati wa kiangazi huliwa, hasa ikiwa na chumvi au harufu ya chakula. Haisagiki tumboni. Mnyama hukonda akiwa anakula, na mwenye ng'ombe huanza kutafuta mchawi.

Ndani ya nyumba, nailoni nyembamba ya mito ya hewa ni hatari kwa mtoto mchanga: ikimfunika pua hawezi kuisukuma. Wakubwa zaidi waachwe wapasue viputo wakiwa wanaonekana, na vipande viokotwe. Na ile tabia ya kuwashia jiko la mkaa kwa kipande cha nailoni iachwe. Moshi wake unaingia kwenye mapafu ya anayepuliza, ambaye mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Njia nzuri ni kuitumia tena. Mito na viputo visivyopasuka vinaingia boksi lingine kama vilivyo. Mfuko wa mirija unaweza kutolewa hewa: mrija mwembamba wa kunywea soda unaingizwa taratibu kwenye kile kimdomo na hewa inatoka bila kuuharibu. Ukishanywea unakunjwa kama leso na kuwekwa chini ya godoro. Safari ijayo, pengine ya kumpelekea bibi arusi wa Masumbwe vyombo vyake au ya kumtumia mjomba wa Dar chupa ya samli, unatolewa, unajaribiwa kwenye beseni la maji kuona kama kuna panapotoa povu, kisha unajazwa upya. Kama pampu yake imepotea, fundi baiskeli wa jirani anaweza kujaribu na ya kwake, mradi ncha iwe nyembamba na asipige mpaka mwisho kama anajaza tairi.